Saratani ya ngozi: kisu, baridi au mionzi?

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha afya, simu ya studio haikupumzika. Kati ya ujumbe uliotufikia, mmoja tuliusoma mara mbili. Mama mmoja ana kijana mwenye ualbino mwenye kidonda juu ya sikio, mwezi wa tano sasa hakijapona. Hospitali ya wilaya imempa rufaa akakatwe. Majirani wanamwambia akatae kisu kwa sababu kansa ikiguswa inasambaa, bora atafute nauli ya Dar es Salaam akachomwe mionzi. Anatuuliza, kipi bora?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Saratani inayowapata zaidi watu wenye ualbino hapa kwetu ni ile ya seli bapa. Huanzia tabaka la juu la ngozi iliyochomwa na jua kwa miaka: usoni, masikioni, mdomoni, shingoni na mikononi. Wenye ngozi nyeusi nao huipata, mara nyingi kwenye kovu la moto au kidonda cha mguu kilichokaa muda mrefu. Ikiwahiwa, wengi hupona kabisa.

Kabla haijawa saratani, ngozi hutoa ishara: magamba makavu, yanayokwaruza ukigusa, yasiyoisha hata ukipaka mafuta. Hapo ndipo baridi inafanya kazi. Mtaalamu hugandisha sehemu hiyo kwa naitrojeni ya kimiminika kwa sekunde chache, linatoka lengelenge, kisha gamba linadondoka. Shida ni kwamba naitrojeni hiyo huisha yenyewe ikikaa, na inahitaji mtungi maalumu, hivyo usitegemee kuikuta kwenye zahanati. Ipo pia krimu ya fluorourasili, ambayo mgonjwa huandikiwa na daktari akapake nyumbani kwa wiki kadhaa. Wengi huiacha njiani kwa sababu ngozi huwa nyekundu na kuchubuka, wakadhani dawa imewadhuru, kumbe ndivyo inavyofanya kazi. Lakini krimu na baridi si tiba ya kidonda kilichokwisha kuchimba ndani.

Kidonda kama cha kijana huyu kwanza hukatwa kinyama kikapimwe maabara. Kikithibitika, upasuaji ndio tiba ya kwanza. Daktari huondoa uvimbe pamoja na milimita chache za ngozi nzima pembeni, ili asibakize mzizi. Kikiwa kidogo, kazi hufanyika kwa ganzi na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kikiwa kikubwa, huenda ngozi ikahamishwa kutoka pajani kuziba pengo.

Hayo maneno ya majirani tunajua yanakotoka. Wameona watu waliopelekwa hospitali wakati ugonjwa umeshafika kwenye tezi za shingo, wakapasuliwa, wakafariki. Lawama ikaangukia kisu. Ukweli ni kwamba ulikuwa umesambaa kabla ya kisu.

Mionzi ina nafasi yake: baada ya upasuaji wa uvimbe mkubwa, au pale pasipokatika kwa urahisi. Hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Lakini si sindano ya siku moja. Mara nyingi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mtu wa kijijini anahitaji pa kulala, chakula na mtu wa kumsindikiza. Kwa kijana kuna jambo jingine zito zaidi. Eneo lililokwisha kupata dozi kamili kwa kawaida halipigwi tena, na yeye ana miaka mingi ya jua mbele yake. Uvimbe mwingine ukiota hapo hapo, silaha imeshatumika. Kuuza mbuzi kufuata mionzi wakati kisu kipo mkoani ni hasara mara mbili.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Hata hivyo, bima hulipia matibabu, haikupi nauli ya basi. Ndiyo maana tunaziona kliniki za mkoba kuwa na thamani kuliko mashine nyingi. Wataalamu wa ngozi kutoka KCMC, Moshi, wamekuwa wakiwafuata watu wenye ualbino vijijini kwa miaka mingi, na hukohuko KCMC ndiko yanakotengenezwa mafuta ya Kilisun ya kukinga jua. Sisi watangazaji nasi tuna deni hapa: kila tarehe 13 Juni tunazungumzia ukatili na kofia, matibabu tunayapitia juujuu.

Kwa hiyo mama, jibu letu ni kwamba mpeleke akakatwe, na usisubiri mavuno. Beba barua ya rufaa. Uliza majibu ya kinyama yatatoka lini na nani atakupigia simu. Baada ya kukatwa, muulize daktari kama kingo zilikuwa safi, maana zisipokuwa safi hurudiwa au ndipo mionzi huongezwa. Kisha arudi kliniki kila baada ya miezi michache, akaguliwe ngozi yote na tezi za shingo, hata kama sikio limepona vizuri.