Tumwachie Kaikeyi kosa lake

Katika somo la fasihi linganishi tulipewa zoezi ambalo siku hizi limekuwa la kawaida: chukua utendi, tafuta mwanamke anayechukiwa ndani yake, umpe nafasi ya kusema mwenyewe. Mimi na wenzangu wawili tulichagua Ramayana, na ndani yake tukamchagua Kaikeyi. Tulisoma kazi yetu mbele ya darasa, tukapigiwa makofi, tukapata alama nzuri. Naandika haya kwa sababu sasa naamini hatukuzistahili.

Kwa asiyeijua hadithi: Dasharatha, mfalme wa Ayodhya, ana wake watatu wakuu. Kausalya ni mama wa Rama, Kaikeyi ni mama wa Bharata, na Sumitra amezaa mapacha, Lakshmana na Shatrughna. Mfalme amezeeka na anataka kumtawaza Rama. Usiku wa kuamkia sherehe, Kaikeyi anamkumbusha deni. Zamani alimwokoa vitani, naye mfalme akaahidi kumtimizia maombi mawili, yoyote atakayotaka. Leo anayadai: Bharata atawale, na Rama aende kuishi msituni miaka 14. Dasharatha anakufa kwa huzuni. Kutekwa kwa Sita na vita vya Lanka, vyote vinatokana na usiku ule.

Sisi tulifanya nini? Tulimwandikia Kaikeyi ndoto. Aliota kwamba Rama akibaki mjini atakufa, basi akamfukuza ili amwokoe, akakubali kuchukiwa na watu wote kwa ajili ya upendo. Wasichana wawili darasani walifuta machozi. Tulijiona wanamapinduzi.

Miezi mitatu baadaye nikasoma habari za Pratima, tamthilia ya Kisanskriti ya zamani sana, ambayo wengi huihesabu kuwa ya Bhasa. Humo Kaikeyi anajieleza kwa mwanawe. Mfalme alikuwa amelaaniwa na mzee mmoja wa msituni, kwamba atakufa kwa uchungu wa kutengana na mwana. Kaikeyi akaona ni heri mwana huyo atengwe kwa kupelekwa mbali kuliko kwa kufa. Tena alikusudia kusema siku 14. Kwa kuchanganyikiwa ulimi ukateleza, akasema miaka. Kumbe mapinduzi yetu yalikuwa na umri wa karne nyingi, na yalikuwa yameandikwa vizuri zaidi.

Nikaendelea kutafuta. Tulsidas, aliyetunga Ramcharitmanas kwa Kiawadhi katika karne ya 16, naye anapunguza mzigo: miungu wanamwomba Saraswati aipotoshe akili ya Manthara, yule mjakazi mwenye kibiongo, na Manthara ndiye anayempotosha bibi yake. Hata kwa Valmiki mwenyewe, mtawa Bharadvaja anamwambia Bharata asimlaumu mama yake, kwa kuwa uhamisho huu utaleta heri. Na mwaka 2022 mwandishi wa Marekani, Vaishnavi Patel, akatoa riwaya nzima, Kaikeyi, ambamo malkia anasimulia maisha yake tangu utoto, na anamfukuza Rama si kwa wivu bali kwa kuhofia ufalme utakavyokuwa chini yake. Riwaya hiyo ina kurasa nzuri, hasa zile za msichana anayekua kati ya kaka zake bila mama. Lakini inapofika kwenye lile tendo, inafanya kama Bhasa na kama sisi watatu: inampa sababu safi.

Hapo ndipo ninapopingana na mtindo huu. Tunasema tunampa mwanamke sauti, kisha jambo la kwanza tunalofanya kwa sauti hiyo ni kumwondolea tendo lake. Ulimi uliteleza. Mungu alimpotosha. Ndoto ilimtisha. Lilikuwa jambo la taifa. Kila mara jibu ni kwamba hakutaka kile alichokitaka. Mwanamume katika tendi anaruhusiwa kutaka kiti cha ufalme bila kueleza. Mwanamke akikitaka kwa ajili ya mwanawe, lazima tumtafutie daktari au malaika.

Cha kusikitisha ni kwamba hatukuhitaji kubuni. Valmiki mwenyewe ameacha ushahidi mezani, na sisi hatukuusoma, tulisoma muhtasari. Katika kitabu cha pili, wazo la kumtawaza Rama linapotangazwa, Bharata hayupo, yuko kwa wajomba zake huko Kekaya. Na Dasharatha anamwambia Rama waziwazi kwamba wakati mwafaka wa sherehe ni sasa, Bharata akiwa bado yuko mbali na mji. Baba anaharakisha jambo ili mwana mmoja asiwepo. Kwa nini?

Jibu linakuja mbali sana, na linatoka katika kinywa ambacho mtu hakitarajii. Rama mwenyewe, akiwa tayari uhamishoni, anamwambia Bharata kwamba baba yao alipomwoa Kaikeyi, alimwahidi baba wa bibi arusi ufalme kuwa mahari. Neno la Kisanskriti ni rajyashulka: ufalme kama malipo ya ndoa. Rama anaupitia mkataba huu kwa maneno machache, kisha anageukia yale maombi mawili.

Sisi wa hapa tunapaswa kusimama kwenye mstari huo kuliko msomaji yeyote wa Ulaya. Nani kati yetu hajakaa kwenye kikao ambapo wazee wanahesabu kilichotolewa na kilichobaki? Tunajua kwamba mali iliyoahidiwa mbele ya ukoo wa mke haisahauliki kwa sababu mume amezeeka au kwa sababu mtoto wa mke mwingine anapendwa na watu. Wajomba wanakumbuka. Ukimsoma Kaikeyi ukiwa na mstari huo mkononi, yeye si mwenye wazimu wala malaika. Ni mwanamke ambaye mumewe alikuwa anakaribia kuuvunja mkataba wa ndoa yake kimyakimya, wakati mwanawe yuko safarini.

Je, yeye aliujua mkataba huo? Valmiki hamwonyeshi akiutaja. Manthara alipomletea habari, Kaikeyi alifurahi kwanza, akampa pambo kwa furaha, akasema haoni tofauti kati ya Rama na Bharata. Ndipo Manthara akaanza kazi. Ukimya huo ndio nafasi ya mwandishi, na ni kubwa kuliko ndoto yetu ya bure.

Na tusimpake asali. Kausalya, akilia mbele ya Rama, anasema jinsi alivyodharauliwa nyumbani mwake, akawekwa chini ya watumishi wa Kaikeyi. Kipenzi cha mfalme alikuwa akiwaumiza wenzake muda mrefu kabla ya usiku ule. Usimulizi unaoificha sehemu hii unamtetea Kaikeyi kwa kumkanyaga Kausalya, na huyo naye ni mwanamke asiyesikilizwa.

Katika matoleo mengi ya Ramayana kuna kisa kingine ambacho kingetosha kuwa riwaya. Sumantra, mpanda gari wa mfalme, anamtukana Kaikeyi kwa kumkumbusha mama yake. Baba wa Kaikeyi alijua lugha ya viumbe. Siku moja alicheka aliposikia mmoja akilia, mkewe akataka kujua sababu, naye akasema nikikuambia nitakufa. Mke akasisitiza: ishi au ufe, niambie. Akafukuzwa. Basi Sumantra anahitimisha kwamba binti ni kama mama. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi, na si katika vitabu. Mwamba ngozi huvutia kwake, na aliyesimulia kisa hicho ni mtumishi wa upande wa pili.

Mfano ninaoupenda umetoka kwa Volga, mwandishi wa Kitelugu, katika mkusanyo wake Vimukta uliopata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 2015. Anamchukua Shurpanakha, dada wa Ravana, aliyekatwa pua na masikio na Lakshmana kwa sababu alimtaka Rama na kisha akamrukia Sita. Volga hamrudishii pua. Hasemi kwamba hakumtaka Rama. Anamkuta miaka mingi baadaye, akiwa mtunza bustani, na anamkutanisha na Sita, ambaye naye ameachwa. Wanazungumza kama watu wazima wawili wanaojua kilichowapata.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza: kwa mamilioni ya watu Rama ni Mungu, na sisi tulio mbali tunacheza na kitu kitakatifu. Ni pingamizi zito, na mwaka 2011 insha ya A. K. Ramanujan kuhusu wingi wa Ramayana iliondolewa kwenye mtaala wa Chuo Kikuu cha Delhi baada ya mvutano wa aina hiyo. Nadhani heshima ya kwanza ni kusoma. Anayeukuta mstari wa mahari hajautukana utendi; anayebuni ndoto bila kuufungua ndiye anayeudharau. Ya pili ni kwamba huku ni kuuharibu utendi halisi. Wanafunzi wa kitivo hiki hawapaswi hata kuisema: Mwindo iliyochapishwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969 ni masimulizi ya mtu mmoja, na mengine ya Mwindo yalifuata.

Tukipewa zoezi hilo tena, najua nitakapoanzia. Bharata aliposafiri kwenda msituni kumrudisha ndugu yake, wajane wote watatu walikwenda naye. Kaikeyi alikuwa kwenye kambi hiyo. Mwanawe ameshamlaani na kukataa kiti alichomtafutia. Na palepale, Rama anatamka kwamba ufalme uliahidiwa kwa baba yake Kaikeyi siku ya ndoa. Kisha wanaume wanaendelea kuzungumza, na jioni Bharata anaondoka na viatu vya Rama kichwani. Hakuna anayemgeukia mama kumwuliza kama alisikia.