MASHINE YA KUFULIA NAYO HUCHAFUKA

Ifikapo Desemba, mabasi ya Moshi hujaa watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Katika msimu mmoja wa namna hiyo nilikuwa mgeni katika nyumba moja huko Kibosho. Asubuhi ya pili mama mwenye nyumba, aliyewasili kutoka Dar es Salaam, alianua shuka kambani, akazinusa, akakunja uso. Zilinuka uvundo. Papo hapo alimwita binti wa kazi, akamkaripia mbele yetu kwamba ni mvivu, hasuuzi nguo, na kwamba mshahara wake ungekatwa.

"Mama, nilizisuuza mara mbili," alijibu binti kwa sauti ya chini. "Ni mashine."

Hakuna aliyemsikiliza. Baada ya chai niliomba ruhusa nikafungua mlango wa mashine, nikaukunjua ule mpira wa mlangoni na kupitisha kitambaa cheupe. Kilitoka na utelezi mweusi. Mashine hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya bibi, lakini tangu wageni walipoondoka Januari ilifungwa, ikiwa na maji yaliyotuama ndani. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndugu msomaji, wengi wetu hudhani kuwa chombo kipitishacho sabuni na maji kila mara hakiwezi kuchafuka. Sivyo. Sabuni ya unga ikizidi kipimo haiyeyuki yote, hasa katika maji baridi yashukayo mlimani. Masalia yake hushikana na nongo za mwili, nyuzi za nguo na vumbi la udongo mwekundu, yakafanya utando nyuma ya pipa, mahali macho yasipofika. Mlango ukifungwa, unyevu hubaki na kuvu huota. Kwa wakazi wa Machame na Marangu, ambako Juni na Julai hata kitambaa cha jikoni hakikauki upesi, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Kusafisha si kazi ngumu. Kwanza, chomoa waya wa umeme. Toa kisanduku cha sabuni, ukisugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya uvuguvugu. Futa mpira wa mlangoni, kila kunjo, kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kisha tafuta kichujio, ambacho katika mashine nyingi za mlango wa mbele kiko chini, nyuma ya kifuniko kidogo. Tandika kitambaa, weka beseni, ukifungue polepole. Usishangae ukikuta vifungo, sarafu na tope.

Ukisharudisha kila kitu mahali pake, chomeka waya na uendeshe mashine tupu kwa maji ya moto kuliko yote inayoweza kuyatoa, pamoja na sabuni ya unga kidogo. Mashine zenye matangi mawili, ambazo nyingi hazina kipasha maji, zitilie maji uliyoyapasha jikoni. Yawe ya moto lakini yasiwe yanachemka, maana plastiki huweza kupinda. Izungushe kidogo, uyaache kwa saa moja, uyamwage, kisha suuza kwa maji safi.

Wako watumiao siki. Ikitumiwa mara kwa mara huweza kudhoofisha mipira. Lililo kubwa zaidi, usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu.

Baada ya hapo, pima sabuni kwa kijiko badala ya kumimina kwa kukisia. Angalau mara moja kwa mwezi, fua taulo na shuka kwa maji ya moto. Ukimaliza kufua, acha mlango wazi kidogo hadi ndani kukauke, ukihakikisha watoto hawaingii. Na wewe unayeondoka Januari, mwaga maji yote, futa, chomoa waya, uache mlango wazi.

Wazee wa Kilimanjaro waliochimba mifereji ya kuleta maji migombani hawakuishia kuchimba. Walikutana kuizoa tope, wakijua kwamba mfereji usiosafishwa huziba. Mashine nayo yahitaji utunzaji huohuo, na atakayeitunza hana budi kufundishwa. Kule Kibosho kijitabu cha maelezo kilikuwa kabatini, chini ya ufunguo, nacho kimeandikwa kwa lugha ya kigeni. Binti yule angejuaje habari ya kichujio?

Jioni ile shuka zilifuliwa upya, na kesho yake zilikauka bila harufu. Mama yule alimwita binti mbele ya wageni walewale waliosikia karipio, akamwomba radhi. Mshahara wake aliupata kamili.