Neva Hutuma, na Pia Hupokea

Mwalimu wa elimu-viumbe afundishapo habari za neva za simpathetiki, yaani zile ziuandaazo mwili kukabili hatari, kwa kawaida huchora ubaoni ncha ya neva, pengo jembamba, kisha msuli wa moyo au wa mshipa wa damu. Mshale mmoja hutoka kwenye neva kwenda kwenye msuli. Mwanafunzi hukariri kwamba neva huamuru na kiungo hutii. Mchoro huo si wa uongo, lakini ni nusu tu ya ukweli. Na nusu iliyoachwa ndiyo ielezayo jinsi mwili unavyojitawala.

Nusu ya kwanza inajulikana sana. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha, kwa mioyo ya vyura, kwamba neva huwasiliana na moyo kwa njia ya kemikali. Mwaka 1946 Ulf von Euler wa Uswidi alionyesha kwamba kemikali ya neva za simpathetiki ni noradrenalini. Miaka miwili baadaye Raymond Ahlquist wa Marekani alivigawa vipokezi vyake katika aina mbili, alfa na beta. Ilidhaniwa kwamba vipokezi hivyo vimo katika kiungo kinachoamriwa tu.

Mwaka 1957 G. L. Brown na J. S. Gillespie walichunguza bandama la paka, wakaona kwamba dawa izibayo vipokezi vya alfa iliongeza noradrenalini iliyotoka katika damu ya vena neva ilipochochewa. Maelezo ya siku hizo yalikuwa kwamba kemikali iliyokosa pa kushika ilifurika tu. Lakini mapema katika miaka ya 1970 watafiti kadhaa, miongoni mwao Klaus Starke wa Ujerumani na Salomon Langer wa Argentina, walipata maelezo mengine. Katika moyo, ambamo kazi hufanywa hasa na vipokezi vya beta, kuziba alfa bado kuliongeza utoaji wa noradrenalini. Kwa hiyo vipokezi vya alfa vilivyohusika havikuwa katika msuli, bali katika ncha ya neva yenyewe. Leo huitwa alfa-2.

Utendaji wake ni kama wa mtu ajazaye mtungi huku akiutazama mdomo wake. Noradrenalini ikizidi katika pengo, sehemu yake hushika vipokezi vya alfa-2 vya neva ile ile iliyoitoa. Hapo milango ipitishayo kalisi kuingia katika ncha ya neva hufunguka kidogo kuliko kwanza. Kwa kuwa vifuko vya noradrenalini havimwagi bila kalisi, msukumo ufuatao hutoa kiasi kidogo zaidi. Tena, ncha hiyo hiyo ina vipokezi vya beta-2 na vya angiotensini, ambavyo huongeza utoaji, pamoja na vipokezi vya asetilikolini itokayo kwa neva jirani, ambavyo huupunguza. Basi kiasi kitolewacho si amri ya upande mmoja. Ni matokeo ya mashauriano.

Jambo hili si la maabara peke yake. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba panya waliokosa aina mbili za alfa-2 walikuwa na noradrenalini nyingi kupita kiasi, na misuli ya mioyo yao ikanenepa. Hali kadhalika, fentolamini, izibayo alfa-1 na alfa-2 pamoja, huuendesha moyo mbio kuliko prazosini, izibayo alfa-1 na kuiachia neva breki yake. Na yohimbini, itokayo katika gome la mti wa misitu ya Kameruni na Gaboni, huziba alfa-2. Gome hilo huuzwa kama dawa ya nguvu za kiume; kumbe mnunuzi huweza kuzidishiwa mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kijana aliyefundishwa mshale mmoja hawezi kueleza kwa nini. Aliyefundishwa miwili ataeleza.

Huenda ikasemwa kwamba muhtasari wa masomo umekwisha jaa. Hoja hiyo ina uzito, lakini hapa haliongezwi somo jipya. Wanafunzi hufundishwa tayari jinsi insulini na sukari ya damu zinavyodhibitiana. Wazo ni lile lile la mrejesho, ila hapa latendeka katika ncha moja ya neva. Kinachohitajika ni chaki ya kuchora mshale wa pili, urudio kwenye neva, na swali moja la mtihani: kipokezi hiki kikizibwa, noradrenalini itaongezeka au itapungua, na kwa nini? Swali hilo halijibiwi kwa kukariri. Humlazimu mwanafunzi kufikiri, nako kufikiri ndiko shabaha ya kufundisha sayansi.