Chai Tunamimina, Kitambulisho Bado Tunaulizwa

Sisi Waislamu wa Kericho na Bomet si wengi. Kuna Wanubi, ambao babu zao waliletwa na Waingereza wakiwa askari. Kuna Wasomali wenye maduka. Kuna Wahindi wachache waliobaki mjini. Na kuna Wakipsigis waliosilimu, ambao kwao huambiwa kwamba siku hizi wamegeuka Wasomali. Tukikusanyika uwanjani asubuhi ya Idi, nafasi ya kuchezea mpira bado inabaki. Hatujui basi kinachoogopwa ni kipi.

Maneno yenyewe, ukiyachukua moja moja, si makubwa. Kondakta anamwambia kijana mwenye kanzu, "Warya, hiyo begi isitulipukie," gari zima linacheka, na kijana naye anacheka kwa sababu anakwenda Kisumu na hataki kushushwa Kapsoit. Mwenye nyumba anakubali kupangisha, kisha akiona buibui anakumbuka kwamba chumba kilishachukuliwa. Mzee wa mtaa anataka majina ya wageni waliolala msikitini, ilhali krusedi ya wiki nzima imejaza watu kutoka kila kaunti na hakuna aliyeulizwa jina. Jioni watu hao hao wanapita buchani kununua nusu kilo, na nyama hiyo mara nyingi imechinjwa na Muislamu, maana machinjioni sisi ndio hupewa kazi hiyo ili kila mtu aweze kula. Hapo kisu chetu hakimtishi mtu.

Tukilalamika, wenye nia njema hutusimulia habari ya York. Mei 2013, siku chache baada ya askari Lee Rigby kuuawa barabarani London, kundi la English Defence League lilipanga kuandamana mbele ya msikiti wa York, Uingereza. Waislamu wakawatolea chai na biskuti, wakazungumza nao, na mwisho wakapiga mpira pamoja. Ni habari nzuri na hatuna neno baya juu yake. Lakini sisi tunaishi chai inakotoka. Tumeichuma, tumeibeba hadi kwenye kituo cha kupimia, na kila Ramadhani tunaimimina kwa majirani wanaopenda kuja kufuturu nasi. Tungependa kuuliza, kwa heshima, mtu anapaswa kunyweshwa vikombe vingapi kabla hajakubali kwamba mwenye birika ni Mkenya.

Halafu habari za aina hiyo husimuliwa nusu. Mwishoni mwa Julai 2024 watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu Southport, Uingereza. Uongo ukaenea mtandaoni kwamba muuaji ni Muislamu aliyeingia nchini kuomba hifadhi. Kijana aliyetenda alikuwa mzaliwa wa Uingereza, lakini kesho yake jioni msikiti wa Southport ulikuwa unapigwa mawe, na fujo zikasambaa mji hadi mji. Liverpool, imamu Adam Kelwick na wenzake wakatoka nje ya msikiti wa Abdullah Quilliam wakiwa na chakula, wakawagawia waliokuja kuwazomea. Picha hizo tumezipokea kwenye simu mpaka tukachoka. Ambalo halikutumwa ni kwamba kuanzia wiki hizo hizo mahakama za Uingereza ziliwafunga watu kwa mamia, wakiwemo waliochochea kwa kuandika tu. Chakula kilifanya kazi yake na hakimu akafanya yake. Sisi huku tunahubiriwa chakula, hakimu anarukwa.

Na uongo wa karatasi tuliujua kabla ya simu hizi. Agosti 2007 Raila Odinga aliandikiana makubaliano na viongozi wa Kiislamu wa NAMLEF kuhusu namna Waislamu watakavyotendewa akishinda urais. Punde ikazunguka nakala ya kughushi ikidai kwamba ameahidi sheria ya Kiislamu kwa nchi nzima. Ilisomwa kwa sauti, ikapigwa fotokopi, ikapita mikono mingi. Watu wa huku walimpigia Raila kura hata hivyo, kwa hiyo sanduku halikuisikiliza, lakini wanaoikumbuka bado wapo. Miaka mitatu baadaye ikaja kura ya katiba, na Mahakama ya Kadhi ikafanywa jini. Mahakama hizo zilikuwa Pwani tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, zikaingia katika katiba ya uhuru ya 1963, na kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu tena wanaokubali wenyewe kwenda. Tarehe 4 Agosti 2010 Kenya ilisema ndiyo. Kericho na Bomet zikasema la. Tunajua suala la ardhi lilikuwa na uzito wake katika kura hiyo, hatujidai kwamba sisi tu ndio tuliopigiwa la. Lakini mpaka leo hakuna Mkristo anayeweza kulazimishwa kwenda mbele ya Kadhi, na hakuna mhubiri aliyerudi jukwaani kusema kwamba lile tulilowatisha nalo halikutokea.

Kisha zikaja siku mbaya kweli, za magaidi. Westgate, Septemba 2013. Garissa, Aprili 2015, watu 148 wakauawa chuoni, wengi wao wanafunzi. Tulilia kama kila Mkenya, na masheikh wetu wakalaani, wakalaani tena, wakaulizwa mbona hawajalaani. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikuwa wamekamatwa Nairobi na baadhi yao kufungiwa uwanja wa Kasarani, kwa kosa la sura na jina. Desemba 2015 basi lilivamiwa njiani kuelekea Mandera. Abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Mtu amekufa kwa ajili ya jirani yake na bado tunaulizwa tuko upande gani.

Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, watu walioambiwa na mhubiri Mackenzie wafunge mpaka wamwone Yesu. Hakuna Mkristo wa Litein aliyesimamishwa stendi aeleze mambo ya mhubiri huyo. Na ni haki asisimamishwe! Ndicho tunachoomba na sisi, hicho hicho, bila nyongeza.

Wazee wa Kipsigis wanatuelewa kuliko vijana wao. Wanakumbuka Talai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliona viongozi wa ukoo huo ni wachochezi, ikauhamisha ukoo mzima, mzee na mtoto, mkosaji na asiyekosa, ikaenda kuutupa Gwassi kando ya Ziwa. Kizazi cha Talai bado kinadai haki yake hapa Kericho. Ukimwambia mzee wa huku kwamba kabila zima au dini nzima haiwezi kuwa mshukiwa, hahitaji kufafanuliwa.

Tukija kwenye kitambulisho, hapo ndipo sauti zetu zinapopanda. Kijana wa Kikipsigis akitimiza miaka 18 anapeleka karatasi zake na kungoja. Mwanafunzi mwenzake wa Kinubi, waliosoma dawati moja, alikuwa anapigwa msasa: lete kitambulisho cha babu, lete wazee, njoo siku ya kamati, kamati haikukaa, rudi mwezi ujao. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi haki yao ya uraia. Msasa ukaendelea. Februari 2025 Rais akatangaza kwamba umekomeshwa. Tulipiga makofi kwa mkono mmoja, mwingine tumeuweka mfukoni tukishika cheti cha babu, maana karani hufuata desturi ya meza yake kabla ya kusikia redio.

Na hawa viongozi wetu wa dini wa kitaifa, tuwaseme pia. Ramadhani wanaonekana Ikulu kwenye futari, picha zinapendeza. Uchaguzi ukikaribia wanajua njia ya Kericho. Binti akirudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya ushungi, simu zao hazishiki. Hatuna wakili wa kutuambia mpaka wa haki yetu uko wapi: katiba, kifungu cha 27 na cha 32, inakataza ubaguzi wa dini na kulinda ibada, lakini kesi ya hijabu ya shule ya Isiolo ilishinda Mahakama ya Rufani 2016, ikapinduliwa Mahakama ya Juu Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa kesi, na mwalimu mkuu wa kijijini alichosikia ni kwamba hijabu imeshindwa.

Vijana wetu nao wanajibu tusi kwa tusi kwenye simu mpaka usiku wa manane, halafu wanaona wametetea dini. Aliyetukanwa garini achukue nambari ya gari, aende kituoni, aandikishe, adai nambari ya OB. Akikataliwa aende na watu watano, na mmoja wao awe jirani Mkristo aliyekuwa garini na kusikia. Hilo la jirani ni la lazima, kwa sababu gari zima lilicheka na tunajua si wote waliofurahi.

Ninyi mnaokuja kufuturu nasi kila mwaka, karibuni tena, chai ipo. Lakini siku kijana wetu atakapokwenda ofisi ya usajili, mmoja wenu afuatane naye, asimame kwenye dirisha na amwambie karani kwamba huyu amezaliwa hapa.