Sauti si kitambulisho tena

Mto Lwakhakha hutenganisha Kenya na Uganda, lakini haukuzitenganisha lugha. Mbukusu wa ng'ambo hii na Mgisu wa ng'ambo ile huelewana, ila kila mmoja hutambulika atokako kwa lafudhi yake. Sauti ilikuwa kitambulisho: msemaji alijulikana, na uwongo wake ukamrudia. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi.

Leo njia hiyo imerefushwa. Mitambo ya akili unde huiga sauti ya mtu, na mitandao ya kijamii huisambaza kabla mwenyewe hajakanusha. Tukumbuke jinsi jumbe za simu zilivyochochea chuki baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nazo zilikuwa maandishi matupu.

Hata hivyo, kuna hatari kubwa kuliko kuamini uwongo, nayo ni kuukana ukweli. Mchochezi atakayenaswa kwa sauti yake halisi atadai kuwa ni mashine iliyosema.

Basi, tunapoukabili uchaguzi wa Agosti 2027, tusiulize tu kilichosemwa. Tuulize: nani alikisema, wapi, na mbele ya nani? Mashahidi hawaundwi na mtambo.