Wosia wa Caesar na Haki ya Umma

Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya kifo cha Julius Caesar. Mwaka 1969 aliitoa tena baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Tangu hapo mkasa ule wa Warumi ni mali ya msomaji wa Kiswahili pia, na ni wajibu wetu kuupima kwa macho yetu wenyewe.

Fundisho linalotolewa mara nyingi ni kwamba umma ni kigeugeu. Brutus anahutubia, umma unamshangilia. Antony anahutubia baada yake, umma ule ule unakwenda kuchoma nyumba za waliomwua Caesar. Husemwa basi kuwa wananchi hufuata sauti ya mwisho. Usemi huo hauishii madarasani. Maofisini nako husikika, na huko hugeuka kisingizio cha kutowaeleza wananchi mambo yanayowahusu.

Fundisho hilo nalipinga. Caesar aliuawa tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo. Waliomwua walikuwa wajumbe wa Seneti waliodai kuiokoa Jamhuri. Lakini Jamhuri ile ilishikwa na koo chache zilizotajirika kwa ardhi na jasho la watumwa. Brutus wa tamthilia anajigamba kuwa hawezi kujipatia fedha kwa njia chafu. Brutus wa historia, kwa ushahidi wa barua za Cicero, aliukopesha mji wa Salamis, katika kisiwa cha Kupro, kupitia mawakala wake, kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. Uhuru aliousimamia ulikuwa wa nani?

Anapomaliza kuhutubia, mmoja katika umati anapaza sauti kutaka Brutus naye afanywe Caesar. Wasomaji hucheka. Mimi naona msiba: mtu yule hajaelezwa na yeyote kuwa yapo mabadiliko mengine zaidi ya kubadili bwana.

Ndipo Antony anapousoma wosia: kila raia drakma 75, na bustani za Caesar ziwe za umma. Wananchi wanaondoka kwa hasira na matumaini. Lakini tendo la nne linapofunguka, Antony, Octavius na Lepidus wamejifungia faraghani wakiorodhesha watu wa kuuawa. Hapo hapo Antony anaagiza wosia uletwe, watafute namna ya kupunguza malipo yake. Uwanjani wosia ulikuwa haki ya kila raia. Chumbani umekuwa gharama ya kubanwa. Wananchi hawamo chumbani humo.

Kigeugeu hapo ni nani? Umma uliamini ulichoambiwa hadharani. Waliogeuka ni waliokuwa na neno moja jukwaani na jingine faraghani. Hatimaye, mwaka 27 kabla ya Kristo, Octavius alipewa jina la Augustus, na Jamhuri ikabaki jina tupu.

Mwalimu anayeifundisha tamthilia hii asiishie kuwauliza wanafunzi kwa nini umma uligeuka. Awaulize pia nani alikuwapo wosia ulipopunguzwa. Na sisi tunaoshika kalamu na mafaili ya umma, kabla ya kumlaumu mwananchi kuwa haelewi, tujiulize kama tumempa nafasi ya kuusoma wosia wake.