Njooni Wangali Wanaitikia Hodi

Ndugu zetu mlioko Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Arusha, wahasibu wetu, wahandisi, mawakili, wauguzi na maofisa wa benki mliozaliwa Isingiro, Kaisho, Nkwenda na Kayanga, nina neno nanyi, na sitalizungusha. Mmekuwa watu wa kuja nyumbani kuzika. Mwaka unakwisha hatuwaoni, wa pili unakwisha hatuwaoni. Siku simu ikilia kwamba mzee amefariki, mnafika na msafara wa magari, mashada ya maua, sare zenye picha ya marehemu, na mpiga video wa kuwarekodi mkilia. Marehemu haoni hata moja katika hayo.

Ubaya ukishakuwa desturi, watu huacha kuuonea haya, na huu umekwisha kuwa desturi. Hebu niwaeleze nilichokiona kwa jirani yangu mmoja, bibi aliyekuwa na miaka themanini na kitu. Aliishi miaka mingi chini ya bati lililotoboka juu ya kitanda chake. Mvua ikianza alikuwa akiinuka, anasogeza kitanda upande wa mlango, anaweka sufuria pale panapovuja, anakaa macho akisikiliza sufuria ijae aimwage. Watoto wake wana kazi nzuri mjini. Waliambiwa. Walijibu kwamba wanajipanga. Alipofariki, kesho yake asubuhi mafundi walikuwa juu ya paa. Bati za zamani zikaezuliwa, mpya zikapigiliwa, kuta zikapakwa rangi ya kijani, choo kipya kikachimbwa. Migomba ya mbele ya nyumba, ile aliyokuwa akila na kuuza ndizi zake apate chumvi, ikafyekwa ili magari yapate pa kuegesha. Kazi yote siku tatu! Waombolezaji walipoanza kufika rangi ilikuwa haijakauka, na mama mmoja wa kanisani aliondoka na doa la kijani begani mwa gauni lake.

Nani atanijibu? Fedha zilizokosekana kwa miaka yote ile, zilipatikana wapi kwa siku tatu?

Jibu tunalijua sote. Kundi la WhatsApp hufunguliwa saa ileile, mwenyekiti na mhazini wanateuliwa, orodha inaanza kupanda: fulani laki moja, fulani elfu hamsini, fulani ameahidi. Kufikia jioni kuna gari la kubeba maiti, kuna mafuta, kuna turubai na viti, kuna ng'ombe wa kuchinja. Nami sikatai michango ya msiba. Kufa na kuzikana ndio utu wetu, na mtu asiyekwenda kwa mwenziwe siku ya msiba atakuja kujichimbia kaburi peke yake. Ninachokataa ni moyo unaofunguka kwa maiti na kufungwa kwa aliye hai. Sijaona kundi lililofunguliwa kwa ajili ya godoro la mama, wala kamati iliyokaa kujadili miwani ya baba asiyeweza tena kusoma kitabu chake cha nyimbo za ibada.

Wala sisemi kwamba ninyi ni watu wabaya. Ninyi ndio fahari yetu. Mlitoka hapa mkiwa pekupeku, mkisomea koroboi, ada yenu ikitoka kwenye kahawa ya wazazi na kwenye ndizi zilizobebwa kichwani mpaka gulioni, mkafika vyuo vikuu mkashindana na watoto wa mawaziri mkawashinda. Wengi wenu mnasomesha wadogo zenu na watoto wa shangazi zenu bila kutangaza. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipobomoa nyumba mkoani kwetu, watu wa Kagera walioko mbali walichanga. Haya tunayajua, na katika sala zetu mnatajwa. Ndiyo maana tunathubutu kuwasema, kwa maana mtoto wa jirani humwambii kitu.

Najua mtakachojibu. Mtasema, “Mbona tunatuma?” Kweli, mnatuma, na Mungu awabariki. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha ya kwenye simu haina macho. Haioni kwamba mguu wa mzee umevimba tangu Pasaka. Haioni kwamba kijana anayetumwa kwa wakala kutoa elfu thelathini anarudi na ishirini na tano, na mzee, asiyeweza kusoma ujumbe, anashukuru. Ninyi mmelelewa hapa, mnajua malezi ya kwetu: mzazi hamlilii mtoto wake shida kwenye simu. Mtapiga, atasema hajambo. Mtauliza chakula, atasema kipo. Mtauliza afya, atasema ni uzee tu. Ataongea kwa sauti ya juu ili msisikie kwamba amechoka, kisha atawauliza ninyi mmekula nini. Simu ikikatwa ataifunga tena katika mfuko wa nailoni, ataiweka mfukoni mwa shati, na atakwenda kulala na maumivu yake. Maneno ya mzazi wa kwetu kwenye simu hayaaminiki hata kidogo. Ukitaka kujua habari zake, lazima ukae naye jikoni umwone anavyoinua sufuria.

Hapa niwakumbushe sisi ni watu wa ukoo gani. Mwaka 1861 Mwingereza Speke na mwenzake Grant walifika Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mfalme Rumanyika, ambaye mwaka 2019 jina lake lilipewa hifadhi ya taifa huku kwetu, aliwakaribisha kwa heshima na kuwalisha. Grant akaugua mguu, hata hakuweza kusimama. Speke alipoendelea na safari kwenda Buganda Januari 1862, Grant alibaki hapa hapa Karagwe akiuguzwa mpaka Aprili. Miezi! Na alikuwa mgeni asiye damu yetu, asiyejua lugha yetu, ambaye hakuna aliyetarajia kumwona tena. Kama nchi hii iliweza kukaa na mgonjwa wa watu miezi kadhaa, sisi wajukuu wa nchi hiyohiyo tunashindwaje kukaa wiki moja na mama aliyetuzaa? Siku hizi mtu anafika Jumamosi saa tisa, anaacha gari likinguruma uani, anapiga picha na wazazi mbele ya mgomba, na Jumapili baada ya ibada anageuza. Picha inawekwa mtandaoni, marafiki wanasifu, na mama anabaki na ndizi alizomenya kwa ajili ya watu wa siku nne.

Wengine watasema ni mbali. Ni mbali, sikatai. Kutoka Dar es Salaam hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,300, na anayeteremka Omurushaka bado ana safari ya kupita Nkwenda. Lakini kisingizio hiki kinaishiwa nguvu kila mwaka. Zamani basi lilikuwa haliruhusiwi kutembea usiku, abiria wakilala Kahama wakiwa wamekumbatia mizigo yao, na msitu wa Biharamulo ulipitwa kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki. Watu walikuja hivyo hivyo, na watoto mgongoni. Tangu 2023 mabasi yamefunguliwa kwenda usiku na mchana. Ndege inatua Bukoba, na kutoka Bukoba kupitia Kyaka kuja Karagwe ni lami. Tena wenzenu hawa hawa ninaowasikia wakilia umbali, nimeona picha zao Dubai, nimeziona za Zanzibar, nimewaona Serengeti wamesimama ndani ya gari lililofunguliwa paa. Mwenye nauli ya Dubai ana nauli ya Isingiro.

Watazameni ndugu zetu Wachaga. Disemba ikifika barabara ya Moshi hufurika magari, tajiri na maskini, mwenye gari lake na mwenye kubanana kwenye basi. Watu huwatania, lakini nyumba zao za mgombani hazina buibui. Na kwa nini twende mbali? Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda, nako kuna Isingiro, na humo wamo shangazi zetu na wajomba zetu. Mama akiugua, shangazi mwenye miaka sabini huvuka pale Murongo, hupanda pikipiki na kikapu chake mapajani, na jioni yuko pembeni mwa kitanda cha nduguye. Hana mshahara wala likizo ya kulipwa. Damu ni nzito kuliko maji, lakini naona kwa wengine wetu imeanza kuchujuka.

Tena mkija, leteni watoto. Nimeona bibi na mjukuu wamekaa kwenye jamvi moja wanatazamana wasiweze kusemezana. Bibi ana Kinyambo na Kiswahili cha kuokoteza, mtoto ana Kiingereza cha shule ya kulipia na Kiswahili cha Sinza. Baba ambaye angewaunganisha yuko nje anatafuta mtandao. Mtoto yule hajui kutafuna kahawa anayopewa mgeni, ameitema mbele ya wazee, senene amewakimbia, shamba la babu yake analiita pori. Mtoto hana kosa. Mwacha mila ni mtumwa, na huyu hakuiacha yeye, ameachishwa na wazazi wenye shahada mbili mbili.

Na nikiwa hapo hapo kwenye shamba, siwezi kulipita jambo la butura, ingawa najua wapo watakaosema nimetoka nje ya mada. Butura ni kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini. Mwenye shida anampelekea mlanguzi, anapewa fedha kidogo kwa kila gunia litakalovunwa, na msimu ukifika mzigo wote unakwenda kwa mlanguzi kwa bei ile ya shida. Serikali imeikataza, viongozi wa ushirika wameisema, makanisa yameisema, na bado inakula vijiji vyetu usiku. Sasa kahawa maganda inauzwa mnadani na mkulima ana matumaini, lakini aliyekwisha kuuza maua anasimama kando akihesabu faida ya mwingine. Ni dhuluma, na mlanguzi anayemnyonya mjane atakutana nayo mbele ya Mungu. Nasi tunaokwenda kwake kuuza maua ili tupate fedha ya pombe ya harusi, tusijitie kulia. Mchuma janga hula na wa kwao.

Lakini ulizeni ni nani hasa anayeuza butura. Walevi wapo. Wengi zaidi ni wazee ambao wameandikiwa dawa hospitali, au mjukuu aliyeachwa kwao anatakiwa ada, na wao wanaona aibu kumpigia mtoto wao wa mjini kwa mara ya tatu. Mtoto angekuja akakaa, angeuliza kahawa ya mwaka huu ina hali gani, angeambiwa na jirani kama si na mzazi, angelilipa deni kabla maua hayajawa maganda. Haji. Anakuja kusikia habari ya butura siku ya kugawana urithi, na hapo ndipo ndugu wanashikana mashati juu ya kaburi bichi. Majuto ni mjukuu.

Na msiseme ni kazi zinazowazuia kuja. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama. Mtu ambaye mataifa yalimpigania awe mgeni wao alishika jembe lake, akalima, akakaa na wazee wenziwe wakacheza bao. Nyumbani kwake hakukungoja msiba wake wa Oktoba 1999 ndipo kumwone. Ninyi mna kazi zinazozidi urais?

Amri ya kuwaheshimu wazazi haikuandikwa ikomee kwenye mazishi, na ndugu zetu Waislamu hufundishwa tangu madrasa kwamba pepo iko chini ya nyayo za mama. Hakuna dini inayomruhusu mtu kulipa deni hili kwa jeneza la vioo.

Basi ombeni likizo. Shule zinafungwa Juni, na huo ni msimu wa kuvuna kahawa, kazi ipo kwa kila mkono. Mje na watoto wakiwa na nguo za kuchafuka. Mtoeni mzee siku moja mumpeleke hospitali kabla hajasema anaumwa, maana hatasema. Pandeni juu ya paa mlitazame bati. Lipeni deni la dukani bila kumuuliza, kwa kuwa daftari la mwenye duka linaeleza kila kitu.

Na jambo la mwisho, ambalo linaniudhi kuliko yote: mkija msilale nyumba za wageni Kayanga. Mmeanza tabia hii, mnakula kwa mama mchana, jioni mnaaga mnakwenda kulala mjini kwa sababu huku hakuna maji ya moto. Mama amekwisha kutandika shuka alilolitunza sandukuni tangu mwaka juzi, anaambiwa, “Mama, tutakuja kesho.” Mnawaambia majirani kwamba nyumba mliyokulia haiwafai. Maji ya moto yanachemshwa kwa kuni, kama mlivyokuwa mkiogeshwa. Kama vitanda havitoshi, magodoro yanauzwa Omurushaka. Teremkeni pale, nunueni mawili, myafunge juu ya gari, na mkiondoka myaache.